Karthala: Safari ya siku moja hadi kinywa cha mlima wa moto Ngazija

MLIMA Karthala haumvuti mpandaji kwa urefu wake. Wenye uchu wa vilele virefu wana Mlima Kenya na Kilimanjaro karibu na nyumbani, na huo wa Ngazija, wenye mita 2,361 pekee, haufiki hata nusu ya urefu wa Mlima Kenya. Kinachowavuta watu kutoka pembe mbalimbali za dunia ni kwamba mlima huu ungali hai. Ni mojawapo ya volkano zenye harakati nyingi zaidi katika Bahari ya Hindi, ikizidiwa tu na ile ya Piton de la Fournaise katika kisiwa cha Reunion, na tangu karne ya 19 imelipuka zaidi ya mara 20.

Mlima wenyewe ndio kisiwa, au tuseme kisiwa ndicho mlima. Ngazija, kilicho kikubwa kuliko vyote katika Muungano wa Visiwa vya Komoro, kimejengwa na volkano mbili zilizoshikana: La Grille upande wa kaskazini, ambayo imetulia, na Karthala inayotawala katikati na kusini. Hakuna kijiji ambacho hakikujengwa juu ya mawe yaliyowahi kuwa uji wa moto. Mji mkuu wa Moroni umekaa kwenye mguu wa magharibi wa mlima, na msikiti wake mkongwe wa Ijumaa ulio bandarini unazungukwa na miamba myeusi ambayo ni lava iliyoganda ilipokutana na maji ya chumvi.

Kwa Waswahili wa pwani yetu, Ngazija si ugenini. Kingazija ni lugha ndugu ya Kiswahili, katika ukoo uleule unaojumuisha Kipokomo na lugha za Wamijikenda, na wanazuoni wa kisiwa hicho walisomesha katika miji mingi ya pwani. Sheikh Ahmed bin Sumeit, aliyekuwa kadhi maarufu wa Unguja hadi alipofariki mwaka wa 1925, alizaliwa Itsandra, mji ulio kilomita chache kaskazini mwa Moroni. Hata hivyo, wengi wanaokijua kisiwa hicho kwa nasaba, halua na harusi kubwa za Wangazija hawajawahi kusikia habari za mlima ulio nyuma ya nyumba za jamaa zao.

Safari ya kuupanda inaweza kufanywa kwa siku moja, ingawa ni siku ndefu. Njia inayotumiwa sana na wageni huanzia juu ya Moroni, katika vijiji vya Mvouni na vilivyo jirani, ikapitia Boboni na kuendelea hadi mahali paitwapo La Convalescence. Anayekusudia kurejea mjini kabla ya usiku hana budi kuondoka saa tisa au saa kumi za usiku. Akipata gari lenye nguvu la kumfikisha mwisho wa barabara ya mashambani, atajipunguzia saa moja au mbili za kutembea. Asipolipata, ajiandae kwa mwendo wa saa sita hadi nane wa kupanda, na nyingine nne au tano za kushuka.

Sababu ya kuamka mapema hivyo haihusu umbali peke yake. Mlima huu huvutia mawingu. Alfajiri kilele huwa wazi mara nyingi, lakini jua likipanda, unyevu wa bahari hupaa mlimani na kuufunika, na aliyechelewa hufika ukingoni akaona ukungu mweupe mahali ambapo pangekuwa na shimo la kilomita tatu kwa nne. Miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, ndiyo inayopendekezwa. Wakati wa kaskazi mvua hunyesha kwa fujo upande wa magharibi, njia hugeuka tope, na hakuna sifa katika kupanda mlima usioonekana.

Saa ya kwanza ni ya mashambani. Migomba, minazi, majimbi na mikarafuu hupandwa mpaka pale mteremko unapokuwa mkali, na katikati yake kuna vanila inayotambaa juu ya miti mingine pamoja na milangilangi, ambayo maua yake hukamuliwa mafuta ya manukato yanayosafirishwa hadi Ulaya. Mazao haya matatu, yaani vanila, karafuu na mlangilangi, ndiyo yanayoiletea nchi sehemu kubwa ya fedha zake za kigeni kutokana na kilimo. Ajabu ni kwamba mlima unaotishia kuyafukia ndio uliowapa wakulima udongo wake.

Boboni, mahali pa kupumzikia, palikuwa na kiwanda cha kupasua mbao katika enzi za Wafaransa. Historia yake inahusiana na Leon Humblot, mtaalamu wa mimea kutoka Ufaransa aliyewasili Ngazija mwaka wa 1884 kutafuta maua na ndege, na mwaka uliofuata akatia saini mkataba na Sultani Said Ali uliompa haki ya kutumia ardhi atakayo. Kwa miaka mingi, kampuni yake ilihodhi sehemu kubwa ya ardhi ya kisiwa, wenyeji wakabaki vibarua katika mashamba yaliyokuwa yao. Humblot alifariki mwaka wa 1914, lakini msitu uliokatwa haukuwahi kurudi ulivyokuwa, na suala la nani mwenye ardhi ya mlimani liliendelea kuwasumbua wajukuu wa waliokuwapo.

Jina lake limebaki pia kwa ndege mdogo aitwaye Humblotia, ambaye hapatikani popote duniani ila Ngazija. Msitu wa Karthala una viumbe kadhaa wa aina hiyo. Kuna bundi mdogo ambaye sayansi ilimtambua mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa sauti yake kabla ya kumfahamu vyema kwa sura, na ambaye makao yake ni miteremko ya mlima huu tu. Wapo pia ndege wa macho meupe waishio juu kabisa, kwenye vichaka vya kilele. Viumbe hawa hawana pa kukimbilia. Chini yao wakulima wanapanda juu mwaka hadi mwaka wakitafuta shamba jipya, na juu yao kuna moto. Mgeni anayepita kwa haraka kuwahi kilele hupita katikati ya msitu huu bila kugeuza shingo, na hiyo ni hasara yake.

Kuanzia kimo cha mita 1,700 hivi miti mikubwa huisha. La Convalescence ni neno la Kifaransa lenye maana ya kupata nafuu baada ya maradhi, na anayefika hapo akihema huona kwamba jina limefaa. Waliogawa safari yao kwa siku mbili hulala hapo au karibu na kilele, na usiku huwa na baridi ambayo mtu wa pwani hakuitarajia. Zaidi ya hapo, mimea inayotawala ni vichaka vya Erika, jamaa ya ile inayoota kwenye miteremko ya juu ya Mlima Kenya. Kisha vichaka navyo hupungua, mchanga mweusi hutokeza, na ghafla ardhi hukatika.

Hilo ndilo eneo ambalo wataalamu huliita kaldera, yaani bonde lililofanyika baada ya sehemu ya juu ya mlima kudidimia kwa kukosa cha kuuegemeza chini. Ndani yake kuna shimo lingine kubwa liitwalo Chahale, na kaskazini yake kuna uwanja wa mvuke ambao Wafaransa waliuita Soufriere kwa sababu ya salfa, ile ambayo wazee wa pwani huiita kibiriti upele. Harufu yake ni ya yai lililooza. Upande wa chini, siku ya anga safi, bahari huonekana pande zote, na visiwa vya Mwali na Nzwani hujitokeza kusini mashariki.

Wengi hupiga picha, wakala mkate wao, na kushuka. Lakini inafaa msomaji ajue amesimama mahali gani, kwani hapo ndipo penye suala zito la safari hii.

Mnamo mwaka wa 1903, watu 17 walikufa Ngazija kwa kuvuta gesi ya sumu kutoka volkano hii. Hawakuunguzwa na lava. Gesi ya kabonidioksidi ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, na hutuama mabondeni kama maji. Wakazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanaijua fika. Wanaiita mazuku, na wanasayansi wa mataifa mengine wamelichukua neno hilo hilo na kulitumia katika maandishi yao. Kwa hivyo mwelekezi wa Karthala anapomkataza mgeni kulala au kuketi kwenye kishimo kilichojikinga na upepo, asidhaniwe kuwa anajitia ujuzi.

Mwezi wa Aprili 1977 mlima ulipasuka ubavuni, upande wa kusini magharibi, mbali na kilele. Lava ilitiririka kupitia kijiji cha Singani, ikazifunika nyumba, na kuendelea kuelekea baharini. Wakazi walipata nafasi ya kukimbia kwa sababu lava ya aina hii, japo haizuiliki, mara nyingi huenda kwa mwendo ambao binadamu anaweza kuukwepa. Kijiji kilijengwa upya. Mpaka leo mto huo wa mawe meusi unaonekana wazi, na wageni hupelekwa kuutazama kama sehemu ya matembezi yao.

Mlipuko wa Julai 1991 ulikuwa wa namna nyingine kabisa. Hakukuwa na lava. Shimo la Chahale lilitoa mvuke, mawe na majivu kwa nguvu, kwa kuwa maji yaliyokuwa chini ya ardhi yalikutana na joto. Wataalamu huutofautisha mlipuko wa mvuke na ule wa uji wa moto, na tofauti hiyo ndiyo ambayo kila mtu anayekwenda mlimani kwa siku moja anapaswa kuielewa.

Maji yakigeuka mvuke katika hali ya kawaida hujitanua zaidi ya mara 1,600. Mwenye sufuria jikoni hulijua jambo hili bila kwenda shule, kwani kifuniko humwambia. Mlimani kifuniko ni mwamba. Mvua hupenya ardhini, hukuta mawe yaliyopashwa moto, mvuke hujikusanya, na siku mwamba unaposhindwa, hupasuka na kurusha vipande vyake juu. Ili uji wa moto ufike juu, kwa kawaida ni lazima upasue njia, na kupasua huko husababisha mitetemeko midogo ambayo mitambo huinasa saa kadhaa au siku kadhaa kabla. Mvuke hauhitaji safari ndefu hivyo. Tayari uko karibu na juu, na onyo lake linaweza kuwa la dakika chache au lisiwepo kabisa.

Usiku wa Aprili 16, 2005, Karthala ililipuka tena. Majivu yaliangukia vijiji vya mashariki, na watu wapatao 10,000 walihama makwao kwa hofu ya lava na gesi. Wengi wao walirejea baada ya siku chache. Mnamo Novemba 24 mwaka huo huo ikawa zamu ya upande wa pili: majivu yalifunika sehemu kubwa ya kisiwa ikiwemo Moroni, mchana ukawa na giza, na watu wakatembea wakiwa wamejifunga vitambaa puani.

Hapo ndipo lilipofichuka jambo ambalo mtalii halioni. Ngazija haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mvua hunyesha kwa wingi, lakini mawe ya volkano yana matundu kama sifongo, nayo huyameza maji yote mara moja. Vijiji vya mlimani huishi kwa kuvuna mvua kwenye paa na kuihifadhi katika mabirika ya saruji yaliyo wazi au yenye mifuniko hafifu, na visima vya pwani aghalabu vina chumvi. Majivu ya Novemba 2005 yalianguka ndani ya mabirika hayo mwishoni mwa kiangazi, wakati akiba ilikuwa chache. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu zaidi ya 100,000 walikabiliwa na hatari ya kunywa maji machafu, na kwa majuma kadhaa yalilazimika kusambazwa kwa malori.

Majivu hayakuondoka na habari za magazetini. Yalibaki mlimani, na mvua kubwa zilipokuja ziliyashusha yakiwa tope hadi mashambani na vijijini. Mwananchi wa Ngazija akiulizwa kuhusu volkano, huenda akamzungumzia mgeni habari za birika lake kabla ya kumzungumzia moto.

Mnamo mwishoni mwa Mei 2006, ziwa la lava lilijitokeza katika shimo la kilele na anga ya Moroni ikawa nyekundu usiku. Januari 2007 kukawa na mlipuko mdogo. Tangu hapo mlima haujalipuka tena. Hata hivyo, mvuke haujakoma, na kwa mlima wenye kawaida ya kulipuka kila baada ya miaka michache, ukimya mrefu kama huu hauwezi kuchukuliwa kuwa dalili ya kupona.

Je, mgeni wa siku moja anabeba hatari kiasi gani? Mfano ulio wazi zaidi wa karne hii umetoka mbali sana na Ngazija, katika kisiwa kidogo cha Whakaari nchini New Zealand.

Whakaari ipo baharini, kilomita 48 kutoka pwani ya mji wa Whakatane. Haina wakazi. Urefu wake ni mita 321 tu, kwa sababu sehemu kubwa ya mlima imezama, na mtu aliweza kushuka kutoka mashuani na kutembea kwa miguu hadi karibu na ziwa la kreta bila jasho jingi. Mwaka wa 1914, wafanyakazi 10 wa mgodi wa salfa walikufa hapo baada ya sehemu ya ukuta wa kreta kuporomoka na kuwafukia. Kiumbe pekee aliyeokolewa akiwa hai alikuwa paka. Uchimbaji ulikoma miaka iliyofuata, na baadaye kisiwa kikawa kivutio cha watalii wa siku moja.

Novemba 18, 2019, wataalamu wa New Zealand walipandisha kiwango cha tahadhari ya Whakaari hadi cha pili, ambacho ni cha juu kabisa kabla ya mlipuko wenyewe. Safari ziliendelea. Desemba 9, saa nane na dakika 11 mchana, maji na gesi vililipuka kutoka kreta wakati watu 47 walikuwa kisiwani, wengi wao wakiwa abiria wa meli ya kitalii iliyokuwa imetia nanga siku hiyo. Watu 22 walifariki, baadhi papo hapo na wengine hospitalini kwa majeraha ya moto. Waliosalia 25 walijeruhiwa, wengi vibaya sana. Marubani wa helikopta za kibinafsi waliruka hadi kisiwani bila kungoja amri na kuwabeba majeruhi.

Wawili kati ya waliokufa walikuwa waelekezi. Jambo hili halikutiliwa maanani sana wakati huo, nami naona lilistahili. Mtalii hukaribia kreta mara moja maishani, kwa saa moja. Mwelekezi huenda hapo mara kadhaa kwa wiki, mwaka mzima. Ikiwa hatari ya siku moja ni ndogo, yake yeye imezidishwa mara mia mbili, na bado ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote katika biashara hiyo.

Kesi zilizofuata zilionyesha ugumu wa kumpata wa kulaumiwa. Serikali ya New Zealand ilifungua mashtaka dhidi ya makampuni na watu 13 mwaka wa 2020. Kampuni ya wamiliki wa kisiwa ilipatikana na hatia Oktoba 2023 kwa kushindwa kuhakikisha usalama wa wageni, na mwaka uliofuata ikaamriwa kulipa faini na fidia. Lakini Februari 2025 Mahakama Kuu iliibatilisha hukumu hiyo, ikisema kwamba mwenye ardhi aliyetoa tu ruhusa ya kuingia hakuwa na wajibu huo kisheria. Watalii hawajaruhusiwa kutembea Whakaari tangu siku ya mlipuko.

Si huko pekee. Mlima Ontake wa Japani ulilipuka kwa mvuke Septemba 27, 2014, mchana wa Jumamosi yenye jua, wakati kilele kilikuwa kimejaa wapandaji waliokwenda kutazama majani ya majira ya pukutizi. Watu 63 walikufa au hawakupatikana. Ulikuwa katika kiwango cha chini kabisa cha tahadhari. Kisiwani Stromboli, Italia, ambako watalii wamekuwa wakipanda kwa vizazi kadhaa, mlipuko wa Julai 2019 ulimuua mpandaji mmoja na tangu hapo wageni wamewekewa mipaka ya kimo wanachoruhusiwa kufika.

Tukirudi Ngazija, kuna tofauti mbili kubwa. Ya kwanza ni kwamba Karthala haipokei meli za watalii. Wanaofika kilele ni wachache, kwa vikundi vidogo, na siku nyingi kaldera huwa haina mtu isipokuwa labda mchungaji. Ya pili ni ya kutia wasiwasi: kwa Whakaari, helikopta zilikuwa umbali wa dakika 20. Aliyejeruhiwa kwenye kilele cha Karthala atashushwa mabegani mwa wenzake kwa saa nyingi, kupitia njia ambayo amepanda kwa shida akiwa mzima.

Mlima una macho ya kuutazama. Kituo cha uchunguzi wa Karthala kilianzishwa mwaka wa 1988 kwa ushirikiano na wataalamu wa Ufaransa, nacho kiko chini ya taasisi ya taifa ya utafiti na nyaraka jijini Moroni. Vipima tetemeko vilivyowekwa mlimani vilisaidia kuonya kabla ya milipuko iliyofuata. Lakini vifaa hivyo huhitaji betri, miale ya jua, vipuri na mtu wa kupanda kuvitengeneza vinapozimika, na katika nchi yenye uhaba wa fedha za hospitali, bajeti ya kusikiliza mlima ulionyamaza haitetewi kwa urahisi bungeni. Pengine ndio maana misaada ya kazi hii huja kwa wingi baada ya mlipuko na kupungua kadiri unavyosahaulika.

Kwamba eneo lote lingali linafukuta chini kwa chini, hilo lilidhihirika mwaka wa 2018. Mnamo Mei mwaka huo kisiwa cha Maore, kilicho chini ya Ufaransa, kilianza kutikiswa na mamia ya mitetemeko. Novemba 11, mvumo wa ajabu wa chini kwa chini ulinaswa na mitambo ya sehemu nyingi za dunia, ikiwemo ya Kenya, bila binadamu yeyote kuuhisi. Mwaka uliofuata meli ya utafiti ilikuta volkano mpya kabisa kwenye sakafu ya bahari, kilomita 50 hivi mashariki mwa Maore, yenye urefu wa mita 800. Imepewa jina la Fani Maore. Mlima mzima ulikuwa umezaliwa jirani yetu na hakuna mvuvi aliyeuona.

Joto hilo huenda siku moja likawa neema. Serikali ya Komoro imekuwa ikichunguza uwezekano wa kuzalisha umeme wa mvuke kutoka miteremko ya Karthala, kama Kenya inavyofanya Olkaria tangu mwaka wa 1981, ili kupunguza utegemezi wa jenereta za dizeli ambazo huliacha jiji la Moroni gizani mafuta yanapochelewa. Kuchimba visima virefu ni gharama kubwa kwa nchi ndogo, na shughuli hiyo imekwenda polepole.

Kwa anayekusudia kupanda licha ya yote haya, na wapo wengi wenye sababu nzuri, mambo kadhaa hayana mjadala. Mwelekezi wa kutoka vijiji vya mlimani ni lazima, si kwa sababu ya kanuni tu bali kwa kuwa ukungu ukishuka njia za juu hupotea na watu wamewahi kutangatanga huko. Mwelekezi huyo aulizwe kabla ya safari kama kituo cha uchunguzi kimetoa taarifa yoyote karibuni. Maji yabebwe yote kutoka chini, lita nne kwa kila mtu zikiwa si nyingi, kwa maana njiani hakuna chemchemi, na kuomba maji katika kijiji cha juu ni kumpunguzia mwenyeji birika lake. Viatu viwe vya ngozi ngumu, kwani lava iliyovunjika hukata kama chupa. Koti la mvua, sweta na kurunzi viwemo mfukoni hata kama Moroni kuna joto.

Kushuka ndani ya kaldera huchukua muda zaidi ya unavyodhaniwa ukiwa ukingoni. Umbali hudanganya kwa kuwa hakuna mti wala nyumba ya kupimia kwa macho. Kwa mtu wa siku moja, ningependekeza atosheke na ukingo, na kalderani aachiwe aliyelala mlimani. Kadiri muda wa kukaa karibu na Chahale unavyopungua ndivyo hatari inavyopungua, na jambo hilo ndilo pekee ambalo mpandaji ana uwezo nalo.

Saa ya kugeuka ikubaliwe mjini, kabla ya kuondoka, wakati kila mtu angali na akili iliyotulia. Waelekezi wengi hupenda kuwa njiani kushuka kabla ya saa sita mchana. Kikundi ambacho hadi wakati huo hakijaona ukingo kigeuke hapo kilipo, kipitie msituni kukiwa bado kuna mwanga, na kifike Boboni kabla ya jua kutua.